Nyumba ya Magurudumu: Fungua Uingie Ndani

Wahenga wametuachia msemo kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nimeukumbuka msemo huo mara nyingi juma hili, ndugu msomaji, kwa sababu ya barua ya mfanyakazi mmoja wa Mwanzange, mjini Tanga, ambaye yu karibu kustaafu. Anaomba ushauri juu ya jambo ambalo halijapata kujadiliwa katika safu hii: je, anunue trela la nyumba?

Maelezo yake, kwa kifupi, ni haya. Nduguye aliyeko Marekani amempelekea picha za trela lililotumika, lenye urefu wa mita 8, ambalo ndani yake mna vitanda vya watu 6, jiko, jokofu, choo na bafu. Trela hilo lina ajabu moja. Likiisha kuegeshwa, ubavu wake mmoja husogea nje kama mtoto wa meza anavyovutwa, na sebule iliyokuwa nyembamba kama ujia hugeuka ukumbi. Nduguye yu tayari kulinunua na kulipakia melini, mradi arudishiwe fedha zake. Kwa hesabu yao, mpaka trela lifike mlangoni Mwanzange zitakuwa zimetumika shilingi milioni 40. Fedha hizo zitatoka katika mafao ya kustaafu.

Sababu ya kulitaka si anasa. Kila Sikukuu ya Idi na kila likizo ya Desemba huwachukua mkewe na watoto 5 kwenda Pangani kwa mama yake mzazi. Nyumba ya mama ina vyumba viwili. Watu wazima na watoto hulala ukumbini wamepangana, na mwenyeji mwenyewe, ambaye ni mzee, huishia kulala mkekani ili wajukuu wapate kitanda. Mwanawe anasema jambo hilo linamuumiza. Mkewe kwa upande wake hataki hata kulisikia hilo trela. Yeye anataka fedha zijenge chumba uani pale Mwanzange, ili mama mkwe aletwe mjini, awe karibu na Hospitali ya Bombo. Wamebishana, na jambo pekee walilokubaliana ni kuandika barua.

Si kazi ya safu hii kuamua baina ya mtu na mkewe. Lakini ni kazi yetu kukifungua kitu na kuingia ndani yake, ili anayenunua ajue anachonunua.

ASILI YAKE

Watu wa pwani ya Tanga si wageni wa safari za kubeba malazi. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa mojawapo ya milango ya misafara iliyokwenda bara, na wapagazi walibeba mahema ya wakubwa wao mabegani. Nyumba ya magurudumu kwa ajili ya starehe ni jambo la Ulaya. Mwaka 1885 daktari na mwandishi William Gordon Stables alijengewa huko Bristol, Uingereza, kigari chenye kitanda na jiko, kikivutwa na farasi, naye akazunguka nacho nchini. Magari ya moto yalipoenea, farasi wakaachwa na kigari kikafungwa nyuma ya gari.

Ubavu unaotoka nje ni mtindo wa Kimarekani ulioenea tangu miaka ya 1990. Chanzo chake ni shida ya kweli. Trela haliwezi kuwa pana kuliko barabara inavyoruhusu, na watu wazima wawili hawapishani ndani yake bila mmoja kukaa. Kwa hiyo mafundi wakakata ukuta, wakaweka ndani yake sanduku lenye sakafu, paa na dirisha, na sanduku hilo likawa linasukumwa nje kwa mota ya umeme wa betri, kwa nyaya, au kwa mabomba ya haidroliki. Upana huongezeka kwa kiasi cha mita moja hivi, na kochi au meza ya chakula huhamia nje pamoja nao.

Ni kitu kizuri, wala sitakidharau. Familia iliyokwama ndani kwa siku mbili za mvua huona mara moja tofauti ya kuwa na ubavu huo na kutokuwa nao. Lakini kila kinachosogea huchakaa, na kila ukuta uliokatwa una njia ya maji.

UZITO NA BARABARA

Jambo la kwanza ni uzito. Trela la urefu huo aghalabu huwa na kilo 2,500 hadi 3,000 likiwa tupu, na ubavu unaotoka, pamoja na reli na mota yake, umo katika mzigo huo. Weka maji lita 150, nazo ni kilo 150. Weka mitungi ya gesi, vyombo, magodoro na mabegi ya watu 7, ndipo upige hesabu tena. Ndugu yetu ana gari aina ya Noah. Gari hilo halikuundwa kuvuta mzigo wa namna hiyo, na hata likifaulu kuuondoa mahali ulipo, halitaweza kuuzuia kwenye mteremko. Panahitajika pikapu kubwa au Land Cruiser yenye nguvu, na trela lenyewe liwe na breki zake zinazotii breki za gari. Hivyo shilingi milioni 40 si bei ya safari. Ni bei ya nusu ya safari, kwa kuwa gari la kuvutia bado halijanunuliwa.

Jambo la pili ni njia. Kutoka Tanga mjini mpaka Pangani ni kama kilomita 50, na kwa miaka mingi, kabla ya mradi wa lami, njia hiyo ilijulikana kwa mashimo na matope ya masika. Barabara kuu huwa na lami, lakini nyumba ya mama haikujengwa juu ya barabara kuu. Kuna kichochoro, kuna mchanga, kuna matawi ya miembe. Trela refu, lenye kimo cha mita 3 na zaidi, huhitaji nafasi ya kugeukia ambayo mitaa mingi ya miji yetu ya kale haina. Na anayetaka kuendelea kusini, Bweni na Ushongo, akumbuke kwamba kwa vizazi vingi Mto Pangani umevukwa kwa kivuko. Mkia wa trela refu hugusa chini pale gari linapopanda ngazi ya kivuko. Akitaka kwenda Lushoto kutafuta baridi, kutoka Mombo atapanda kilomita 33 za kona juu ya kona, kuna ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili.

Jambo la tatu aghalabu husahauliwa kabisa. Trela la Marekani limetengenezwa kwa nchi inayoendesha kulia, nasi tunaendesha kushoto. Mlango wake uko upande wa kulia. Ukiegesha kando ya barabara yetu, mtoto anayeteremka atakanyaga katikati ya njia ya magari. Umeme nao ni mwingine. Jokofu na kipoza hewa vya kule hutumia volti 120, ilhali umeme wetu ni volti 230, na anayechomeka bila transfoma atanusa moshi kabla ya kuonja ubaridi.

CHUMVI, MVUA NA MIVINJE

Pwani yetu ni nzuri kwa macho lakini ni kali kwa chuma. Wenye baiskeli pale Raskazone wanajua chumvi ya bahari inavyofanya kazi usiku watu wamelala. Reli na meno ya mota ya ubavu unaotoka hukaa chini ya sakafu, mahali ambapo maji ya barabarani na chumvi hufika kwanza na jicho la mwenye mali hufika mwisho.

Mzunguko wa sanduku lile umezibwa kwa mipira ya kuzuia maji. Mipira hiyo hukauka kwa jua, hupasuka, nayo haiuzwi katika duka la vipuri la Ngamiani. Fundi wa Makorora atakuchomelea chesisi, atakubadilishia beringi na taa, lakini mpira wenye umbo lake maalumu hapana budi kuagizwa ng'ambo. Ukicheleweshwa masika mazima, maji huingia, na kuta za matrela mengi ni plaiwudi nyembamba iliyobandikwa. Plaiwudi ikishalowa hufura, sakafu hulegea pembeni, na harufu ya uvundo haiondoki tena.

Aidha, watu hupenda kuegesha chini ya mivinje ya ufukweni kwa ajili ya kivuli. Majani yake ni membamba kama sindano, nayo hujaa juu ya paa la ule ubavu. Mwenye trela akiurudisha ndani bila kupanda kufagia, majani huingia pamoja nao, hukwama katika mipira, na huo ndio mwanzo wa kuvuja. Chini ya mnazi kuna hatari nyingine ambayo haihitaji maelezo.

Halafu kuna choo. Choo cha trela hakina shimo. Uchafu hukusanyika katika tangi chini ya sakafu, na tangi hilo hujaa. Katika nchi zenye matrela mengi kuna vituo maalumu vya kuyamwagia. Kwetu utalazimika kupatana na gari la kunyonya maji machafu au kuwa na shimo lako. Anayefikiri atamwaga baharini usiku akumbuke kwamba tangu mwaka 2009 sehemu kubwa ya bahari ya Tanga ni hifadhi ya samaki wa kale aitwaye silikanti, na hata pasipokuwa na hifadhi, maji hayo ndiyo wanayoogelea watoto wetu.

Mwisho, joto. Sanduku la aluminiamu lililofungwa juani mchana wa Februari halikaliki. Wazee wetu walijua kwa nini waliezeka kwa makuti na kwa nini waliacha ukumbi upitishe upepo kutoka mlango wa mbele mpaka uani.

BANDARINI

Nduguye huko Marekani huenda ana nia njema tupu, lakini hesabu ya milioni 40 ipitiwe upya. Trela la namna hiyo haliingii katika kontena la kawaida, kwani upana wa ndani wa kontena ni kama mita 2.35 tu. Husafirishwa kwa meli za magari, na huenda likashushwa Dar es Salaam, ikabidi livutwe mpaka Tanga kupitia Chalinze na Segera. Forodha hawahesabu ushuru kwa bei ya kununulia peke yake. Huijumlisha na nauli ya meli na bima, ndipo wakatoza. Kisha VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Ziko pia gharama za wakala, za bandari na za usajili. Kwa hiyo kabla fedha hazijatumwa, aende kwa wakala wa forodha mwenye leseni akiwa na mwaka wa trela, bei na uzito wake, apewe makadirio kwa maandishi. Neno la simu si makadirio.

HESABU YA USIKU MMOJA

Sasa tufanye hesabu ambayo mtu yeyote aweza kuifanya nyuma ya bahasha. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Tuseme mtu analala ndani ya trela lake siku zote 28, mwaka hata mwaka, kwa miaka 10. Hizo ni siku 280. Gawanya milioni 40, utapata karibu shilingi 143,000 kwa kila usiku. Lakini nani hutumia likizo yake yote barabarani? Kwa maelezo yake mwenyewe, ndugu yetu huenda Pangani kwa Idi na kwa Desemba, jumla kama siku 10. Hizo ni siku 100 kwa miaka 10, yaani shilingi 400,000 kwa kila usiku, kabla ya kununua tone la mafuta, tairi moja au gari la kuvutia.

Kwa fedha hizo angeweza kupanga nyumba nzima ya wageni kila Idi na bado akabakiwa na fedha za nyama.

Na hizo siku nyingine 355 trela litakaa wapi? Mitaa ya Ngamiani na Mwanzange si mipana. Likiwekwa nje, watoto wa mtaa watalifanya uwanja wao na mchwa watalifanya chakula. Likiwekwa uani, uani hautakuwapo tena.

ANAYEFAA KULINUNUA

Nisieleweke vibaya. Wako watu ambao kwao trela ni akili njema. Mkandarasi wa barabara anayehamia kila miezi michache, mpima ardhi, timu ya matibabu inayozunguka vijijini: hawa hulala ndani yake siku 200 na zaidi kwa mwaka, na gari la kulivuta wanalo tayari. Hata hao ningewashauri watafute trela lisilo na ubavu unaotoka, au lililotengenezwa Afrika Kusini au Uingereza, ambako huendesha kushoto kama sisi na umeme wao hulingana na wetu. Mwenye kiwanja ufukweni anayetaka kupangisha wageni naye hahitaji magurudumu. Banda la mawe na makuti halikaguliwi tairi.

Kwa yeyote ambaye, baada ya haya yote, bado moyo wake uko kwenye trela la ubavu unaotoka, haya ndiyo ya kuangalia. Mtu wako aliyeko huko aufungue na kuufunga ubavu mara tatu mfululizo, asikilize kama mota inalalamika na atazame kama pande zote mbili zinakwenda sawa. Akanyage pembe za sakafu kwa kisigino. Zikibonyea, maji yamekwisha kuingia. Apitishe kidole katika mipira yote. Aulize kama uko mpini wa kuurudisha ubavu kwa mkono siku betri itakapokufa, na aonyeshwe unavyotumika, kwa maana trela ambalo ubavu wake haurudi ndani haliwezi kuondoka mahali lilipo. Kisha, na hili ndilo kubwa, aufunge ubavu na ajaribu kuishi ndani: je, choo kinafikika? Jokofu linafunguka? Kitanda kinalalika? Maana mvua ikiwakuta njiani Segera usiku, hamtakuwa na nafasi ya kuutoa.

MAMA AMEULIZWA?

Sasa nirudi kwenye barua. Nimeisoma mara kadhaa, na kuna jambo moja sikuliona ndani yake. Mume anataka kumpunguzia mama yake adha ya mkeka. Mke anataka kumleta mama mkwe karibu na hospitali. Wote wawili wanamwazia mema mtu mmoja, na hakuna mahali ilipoandikwa kwamba mtu huyo ameulizwa.

Wazee wengi wa Pangani hawahami kwa urahisi. Wana majirani wa miaka 50, wana msikiti wao, wana makaburi ya waume zao, wana mnazi walioupanda wenyewe. Mzee akiletwa mjini kwa nguvu ya mapenzi aweza kupata chumba kizuri na akakosa mtu wa kuzungumza naye barazani. Vilevile wako wanaongoja tu kualikwa, nao wanaona haya kuomba.

Kwa hiyo, ndugu wa Mwanzange, kabla hujamwandikia nduguyo Marekani, nenda Pangani na mkeo, nyinyi wawili tu bila watoto, mkae na mama mumwulize. Akisema atakuja mjini, mkeo ameshinda kwa haki, na chumba cha uani kijengwe kabla ya masika. Akisema habanduki Pangani, basi chumba kijengwe huko, kwenye kiwanja chake, vyumba viwili na baraza pana. Atapata kitanda chake kila usiku wa mwaka, nanyi mtapata pa kulala kila Idi. Hicho ndicho chumba kitakachokutoa katika aibu uliyoieleza, na hakitahitaji mota wala mpira kutoka ng'ambo. Na kama afya yake itadhoofika baadaye, akiba iliyobaki ndiyo itakayokodi gari la kumpeleka Bombo usiku wa manane.

Tamaa yako ya kusafiri na watoto ni njema, wala isife. Hema la watu 6 hukunjwa likaingia nyuma ya Noah, na zipo sehemu za kupiga kambi Kigombe ufukweni na Saadani hifadhini. Jaribuni usiku mbili. Watoto wakifurahi, rudieni mwaka ujao. Wakilia kwa mbu, mtakuwa mmejifunza kwa bei ndogo.

Mafao ya kustaafu huja mara moja. Miaka 30 ya kazi huingia benki kwa siku moja, na kitu cha kwanza kilicho kizuri pichani huweza kuyaondoa yote kwa siku moja vilevile. Usiache mbachao kwa msala upitao. Tuandikie utujulishe mama alisemaje.